Una haraka ya nini na miguu yangu

Toka turudi Nakonde, ule mji wa Zambia mpakani na Tunduma, kuna sentensi moja haitaki kunitoka. Safari yenyewe ya kumuona Tumaini, aliyeolewa kule na kajifungua, imeisha salama, Tumaini mzima, mtoto mzima na kapewa jina la bibi, dukani nimekuta bosi katangaza tawi letu linahamia Mbagala kwa hiyo kuanzia mwezi ujao ni kuamka saa kumi alfajiri, lakini hayo nitayaandika siku nyingine kwa sababu kila nikikaa kuyafikiria namuona mama mkubwa anageuka kwenye ile foleni ya mpakani, ananiangalia, anasema, "Wewe una haraka ya nini na miguu yangu?"

Mnaomjua mama mkubwa mnajua hapandishi sauti. Hajawahi. Alinilea toka niko darasa la pili na sikumbuki hata siku moja kanifokea, akikasirika anakuwa mpole zaidi, anachagua maneno, na hapo ndo unajua pameharibika. Sasa hii aliisema kwa upole kabisa. Ndo maana imenikaa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Tulikuwa tunarudi, na pale tulivuka kwa miguu. Mume wa Tumaini alituleta na teksi hadi karibu na mpaka, akashusha begi na lile gunia la maharage ambalo mama mkubwa alikataa kuliacha, tukamlipa kijana wa mkokoteni atuvushie mzigo, sisi tukatembea. Tiketi ya basi la kuja Dar ilikuwa ya saa kumi jioni kutoka Tunduma, na wanaosafiri njia ile wanajua Zambia wako nyuma yetu saa nzima, simu ikishika mtandao wa kule inajirudisha yenyewe, kwa hiyo kwa Tumaini watu wanakula mchana taratibu wanasema bado mapema wakati kwa dereva wa Tunduma muda unayoyoma. Mimi kichwani nilikuwa napiga hesabu mara mbili mbili. Mama mkubwa saa yake ya mkononi hakuigusa muda wote tuliokuwa kule, aliiacha na saa ya Dar, akiulizwa anasema mtanisumbua bure, nikirudi itakuwa sawa.

Kwa wasiopajua, tangu 2019 pale Tunduma na Nakonde kuna kituo cha huduma kwa pamoja. Zamani unagonga muhuri wa kutoka upande mmoja, unatembea na mzigo wako juani, unapanga foleni upya upande wa pili. Sa hivi unaingia jengo moja tu, la nchi unayokwenda, dirisha moja Mzambia anakugongea kutoka, unasogea kwenye dirisha la Mtanzania anakugongea kuingia, basi umemaliza. Kwa mtu wa magoti ni msaada mkubwa sana, mimi naupenda ule utaratibu na nitausifia popote. Ila mabasi matatu ya kutoka Lusaka yakishusha watu kwa mpigo, watu wote wale wanaingia kwenye mlango ule ule mmoja. Na ndo tulichokikuta. Foleni imetoka nje ya mlango, inapita kwenye kivuli, inaisha juani, na huku barabarani malori ya shaba yamepangana hadi macho yanakoishia, madereva wamelala chini ya matela.

Tukasimama. Mabenchi yapo ila yamejaa akina mama wenye watoto. Foleni ilikuwa inasogea hatua moja, inasimama, unaongea wee, hatua moja tena. Nilikuwa mbele yake kidogo na pasipoti zote mbili mkononi nimezifungua kabisa kwenye ukurasa wa picha, na kadi za homa ya manjano. Ya mama mkubwa ni ya zamani, imechakaa, imeandikwa miaka 10, alikuwa na wasiwasi nayo nikamwambia tangu 2016 chanjo ile inahesabika ya maisha hata kama kadi inasema vingine, hamna wa kukurudisha.

Kila nikigeuka namuona kavua ndala ya mguu wa kushoto, kaukanyagisha unyayo kwenye sakafu, upande wa kivuli ambako simenti ni ya baridi. Hiyo ndo dalili yake. Goti likianza anatafuta baridi. Hasemi. Niliandika mwezi wa nne jinsi daktari alivyomwambia asisimame muda mrefu, na yeye akajibu "nimesikia", ambalo kwake sio ndio.

Mara akapita kijana wa Uhamiaji anaangalia foleni, kijana mstaarabu, mdogo tu, akamfikia mama mkubwa akainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo mama. Wazee mnapita mbele, njoo nikupeleke dirishani."

"Ahsante baba. Hapa nilipo panatosha."

"Mama utachoka, foleni bado ndefu."

"Nimewakuta watu, nitapita baada yao."

Yule kijana akaniangalia mimi, ile ya kuomba msaada. Nikasogea nikamshika mama mkubwa kiwiko, nikamwambia taratibu asisikie mtu, mama mkubwa nenda tu na mwenzio, miguu yako hiyo. Akakitoa kiwiko mkononi mwangu. Hakukipokonya, alikitoa tu, polepole. Ndo akasema.

"Wewe una haraka ya nini na miguu yangu?"

Watu wawili watatu wakacheka, sio vibaya. Yule kijana akasema haya mama, ukibadili mawazo niite, akaenda kumchukua mzee mwingine mwenye mkongojo ambaye alipita mbele bila maneno. Mimi nikarudi mahali pangu na uso unawaka.

Basi toka hapo nikaanza. Alimaanisha nini? Kwenye basi usiku kucha, toka mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku 2023 hiyo njia unailala, yeye kalala kuanzia kabla ya Mbeya, mimi macho, Makambako naiona, Iringa naiona, Mikumi gizani, kilomita zaidi ya 900 nawaza maneno manane. Kwanza nikasema ni tiketi, anadhani namkimbizia basi, na kweli nilikuwa nawaza basi, ila kiwiko sikukishika kwa ajili ya basi. Halafu nikasema hapana, ni kuitwa mzee mbele za watu. Kaona nimeungana na mgeni kumwambia kaisha. Halafu ikanijia mbaya kuliko zote, kwamba kule "kuharakisha miguu" alikuwa anasema kitu kingine kabisa, kwamba namuwahisha kule tunakokwenda wote. Toka baba mkubwa afariki anaongea hivyo wakati mwingine, kwa mafumbo, na mimi najifanya sijasikia. Nikawa nasema kimoyomoyo mama mkubwa mimi sina haraka hiyo, mimi nataka ukae hapa mpaka meno yaniishe mimi.

Sikumuuliza. Pale kwetu huulizi kitu kama hicho moja kwa moja, unasubiri.

Tumeshuka Mbezi miguu yote miwili imevimba, ya kushoto ndala haiingii. Nikamwekea maji ya uvuguvugu na chumvi, akakaa nayo sebuleni anaangalia taarifa ya habari, ananiuliza maharage nimeyaanika au nimeyaacha kwenye gunia. Wala hakuna alichokumbuka. Au kakumbuka kanyamaza. Siku zikaenda hivyo, nakwenda kazini narudi, namsugua mafuta, tunaongea bei ya mkaa, na ile sentensi iko pale pale.

Jumamosi sasa. Nimerudi dukani jioni namkuta kakaa barazani kashika kikaratasi kimekunjwa kunjwa, kimechanika ubavuni, kile cha pakiti ya biskuti. Ananiambia niwekee hii namba kwenye simu. Naangalia, inaanza na 260. Nikauliza ya nani, kwa sababu ya Tumaini ipo na ya mkwe ipo. Akasema ya yule mwanamke.

Mwanamke yupi?

Yule wa ndoo ya dagaa, aliyekuwa nyuma yangu.

Nikamkumbuka. Mama wa makamo, kavaa kitenge cha njano, ndoo kaitanguliza mbele anaisogeza kwa mguu kila foleni ikisogea. Niliwaona wanaongea, nikajua mambo ya foleni, jua kali, mabasi mengi, yale yale. Nikampigia kwa WhatsApp, yule mama akapokea, na mama mkubwa akaishika simu kwa mikono miwili akaanza Kinyamwanga.

Jamani. Sijui niandikeje hapa. Sijamsikia mama mkubwa akiongea Kinyamwanga hivyo toka baba mkubwa yuko hai. Hapa nyumbani hamna wa kuongea naye, mimi nasikia lakini nikijibu najibu Kiswahili, watoto ndo kabisa, na kule kwa Tumaini wakwe ni watu wa Kitwe, wanaongea Kibemba, na yeye wakaongea naye Kiswahili kwa heshima. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, ule mstari waliuchora Waingereza na Wajerumani juu ya watu ambao walikuwa tayari majirani, lakini mama mkubwa amekwenda hadi Nakonde kwa siku zote zile hajampata hata mmoja wa kukaa naye chini, kampata wapi? Kwenye foleni, anarudi.

Na sauti ilikuwa nyingine. Ilipanda! Yeye ambaye hapandishi sauti alikuwa anacheka kwa nguvu mpaka jirani akachungulia, anapiga paja, anamkatiza yule mama, anasema jina la mtu halafu wote wawili wanasema "eeeh" kwa pamoja. Nilichokishika ni kwamba bibi wa yule mama aliolewa Zambia akitokea Ndalambo, na mama mkubwa nyumba ile anaijua, alikuwa anatumwa pale akiwa mtoto, anakumbuka mlango ulikuwa unaangalia wapi. Simu ikapata moto, chaji ikaisha, nikachomeka wakaendelea, mama mkubwa kakaa karibu na soketi kama mtoto. Ugali ukapoa mezani na sikutaka kumkata.

Alipomaliza akanirudishia simu, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Kumbe mama yake bado yupo. Mwezi wa kumi na mbili twende tena, tushukie kwao."

Nikasema twende. Sikusema kitu kingine, nilikuwa nimejaa.

Usiku nikairudisha tena ile ya foleni, safari hii nikaiangalia yote na yule mama wa ndoo akiwemo. Wakati kijana wa Uhamiaji anafika, mama mkubwa alikuwa kampa mgongo nusu dirisha, kaelekea nyuma. Alipotoa kiwiko chake mkononi mwangu alikuwa katikati ya habari. Angekwenda mbele angegongewa muhuri chap, angekaa kwenye benchi upande wa pili ananisubiri, na yule mama asingeruhusiwa kumfuata, hana umri huo wala hana mtoto mgongoni, ana dagaa. Nikaisikia sentensi upya na haikuchoma. Nimecheka peke yangu kitandani nikajifunika mto wasinisikie.

Na bado miguu imevimba, hilo silifuti. Desemba nitabeba kile kigoda cha kukunja cha baba mkubwa cha kuvulia samaki, atakaa kwenye foleni akitaka hata mpaka jioni, ataongea, na tiketi nitakata ya basi la usiku mkubwa ili nisiwe na hesabu kichwani. Maji ya kunywa kila mtu chupa yake, khanga ya kujifunika jua, namba ya mkokoteni nimeihifadhi, yule kijana alikuwa mwaminifu.

Kinachonikosesha usingizi leo ni ukuta. Hawa wanaojenga ghorofa hapa pembeni wamechimba karibu mno na kwetu, ufa wa chumba cha watoto nilikuwa nimeuwekea alama ya penseli pale ulipoishia, jioni hii nimepandisha kiti kuangalia na umeipita alama, sio kidogo, upana wa kiganja. Fundi wao nikimuuliza anasema nyumba zote zina nyufa mama. Nimewahamishia watoto sebuleni. Kesho asubuhi kabla ya kazi lazima nimpate mjumbe, na kama hayupo nakwenda mwenyewe serikali ya mtaa, picha nimeshapiga.