Siku moja Soweto, Mbeya: kinanda, violini na mashine inayoandika noti za karne ya 19

Saa 12 asubuhi
Baridi ya Julai huku kwetu haivihurumii vidole. Chai ya tangawizi kwanza, kikombe nimekikumbatia kwa viganja viwili, halafu skeli polepole, mkono mmoja mmoja, mpaka damu itembee. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Kazi ya leo ni moja: muziki wa kumwingizia bibi harusi kanisani Jumamosi, violini na kinanda. Mama mwenye shughuli alishaniambia hataki ule wa kila harusi. "Mwalimu, nataka cha zamani, lakini kiwe kipya. Ambacho hakuna aliyewahi kuingia nacho."

Nilimwelewa papo hapo, maana ladha anayoitaka tumekua nayo. Ule muziki wa bibi harusi kuingia umetoka katika Lohengrin, opera ya Wagner iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1850. Ule wa kutokea ni wa Mendelssohn, wa 1842. Yote miwili ni ya kipindi cha Romantiki, yaani muziki wa Ulaya wa karne ya 19, na hapa Mbeya inapigwa hata na matarumbeta juu ya pikapu. Watu huniuliza muziki wa Wazungu wa kale unanihusu nini. Unanihusu sana. Wamisionari wa Moravian walipoanza kazi Rungwe mwaka 1891, Brahms, mtunzi Mjerumani wa kipindi hicho, alikuwa hai, na mwaka huohuo ndipo alipoandika kwinteti yake ya klarineti. Tenzi za sauti nne walizokuja nazo zilitoka katika dunia ileile ya Kijerumani. Babu zetu walizipokea, wakazifanya zao, na sisi tumezirithi.

Saa 2 asubuhi
Studio ni chumba kimoja, kinanda cha umeme chenye vitufe 88 na kompyuta. Nafungua NotaGen, programu iliyotoka mwaka 2025. Siyo kama zile unazoziandikia sentensi moja zikakurudishia wimbo mzima umeshaimbwa. Hii inaandika noti, kwa mfumo wa ABC, yaani noti kwa herufi za kawaida, nami nazihamishia MuseScore, programu ya kuandikia noti, ambako kila noti naweza kuigusa, kuisogeza au kuifuta. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa. Sauti iliyokwisha kupikwa siwezi kuihariri wala kumpa kijana aifanyie mazoezi. Karatasi ya noti naweza.

Waliounda programu hii waliifunza kwanza kwa vipande milioni 1.6 vya muziki, kisha wakainoa kwa kazi za klasiki kama 9,000. Wewe unaichagulia kipindi, mtunzi na aina ya vyombo. Nachagua Romantiki, Chopin, kinanda. Inaanza kuandika.

Vingi vinavyokuja ni vya kawaida: mkono wa kushoto unavunjavunja kordi, yaani noti za kupigwa pamoja, wa kulia unapanda na kushuka bila neno la kusema. Navisikiliza vyote mpaka mwisho, kwa sababu wakati mwingine kitu kizuri kimejificha katikati. Leo kimekuja. Nakihamishia ufunguo wa G, yaani G ndiyo nyumbani kwake, kwa kuwa violini ina uzi wa G na wa D, na katika ufunguo huo chombo kizima kinaitikia.

Vipimo nane vya mwanzo, yaani vile visehemu vya mapigo sawa, ni vya upole, melodi inapanda hatua moja moja kama mtu anayekaribia mlango wa watu kwa adabu. Kwenye kipimo cha tisa melodi inasimama juu ya G na kukaa hapohapo. Chini yake, bila taarifa, kordi inahama kutoka G kwenda E flati (E iliyoshushwa nusu hatua). Noti ya juu haijasogea hata kidogo, lakini iliyokuwa *do* sasa imekuwa *mi*. Nimeipiga, nikarudia, nikarudia tena. Schubert alizipenda sana kona za namna hii, za kuruka hatua ya tatu badala ya kupita njia kuu. Mwili unazisikia kabla akili haijajua kilichotokea.

Saa 4 asubuhi
Baada ya kona hiyo, mashine imepotea njia. Inatoka E flati kwenda kwingine, inazunguka, kisha inakoma kana kwamba karatasi imeisha. Haikurudi nyumbani. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: mashine inaandika alama moja baada ya nyingine, kila mara ikikisia inayofuata kwa kutazama zilizotangulia. Kwa karibu ina macho makali. Kukumbuka kwenye kipimo cha arobaini kwamba ina deni tangu kipimo cha tisa, hapo ndipo inapolegea.

Na muziki wa Romantiki umejengwa juu ya deni. Tristan und Isolde ya Wagner, ya mwaka 1865, inaanza na kordi inayodai kutulizwa, na haitulizwi kikamilifu mpaka mwisho kabisa wa opera, saa kadhaa baadaye. Watunzi wale walijua kuchelewesha. Mtu akichelewesha anajua anachokichelewesha, na ndiyo maana msikilizaji anakubali kusubiri. Kwa hiyo sehemu ya kurudi naiandika mwenyewe, kwa penseli, kompyuta imezimwa.

Njia niliyoichagua ni ya kale. Kwenye kordi ya E flati naongeza C shapu (C iliyopandishwa nusu hatua). Sasa E flati inataka kushuka nusu hatua iingie D, na C shapu inataka kupanda nusu hatua iingie D ileile. Zinaikaba kutoka pande mbili. Nikienda moja kwa moja kwenye kordi ya D, sauti mbili zitashuka zikifuatana kwa umbali uleule wa noti tano, kosa ambalo mwalimu yeyote wa noti ataliona. Napitia kwanza kordi ya G ikiwa imesimama juu ya besi ya D, halafu D, halafu nyumbani. Vipimo vinne tu, vimekula asubuhi yangu yote, na ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote.

Saa 7 mchana
Wali wa Kyela, maharage na parachichi kwa mama ntilie wa jirani. Kichwani bado ni G na E flati.

Saa 8 mchana
Kijana wa violini ameingia. "Shikamoo, Mwalimu." Amekulia kwenye kwaya, kwa hiyo kabla hajashika upinde tunaimba kwanza kwa *do re mi*. Kwenye kona ameimba *do*, akanyamaza, akaimba sauti ileile kwa *mi*, akacheka. Hapo ameielewa, sina haja ya kueleza zaidi.

Halafu yakaja mambo ambayo mashine haiyajui kwa kuwa haina mikono. Ile G ndefu imeandikwa kwa vipimo vinne vya taratibu; upinde mmoja hautoshi, unaishia katikati na sauti inakonda. Tumekubaliana ageuze upinde palepale kordi inapobadilika, ili sauti ipate nguvu mpya mahali inapoihitaji. Mkono wangu wa kushoto nao umeandikiwa kushika G ya chini na B iliyo juu ya oktavu kwa wakati mmoja. Vidole vyangu havifiki. Nazivunja, chini kwanza halafu juu, pedali inazishika pamoja.

Tumetumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo. MuseScore inapiga kila pigo sawasawa. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba alitaka mkono wa kushoto utunze muda huku wa kulia ukiwa huru. Basi mimi ndiye mkono wa kushoto, yeye ndiye wa kulia. Nikamwambia: "Chelewa utakavyo, mimi nipo." Mara ya kwanza aliona aibu kuchelewa. Baadaye akazoea, na muziki ukaanza kuhema.

Saa 10 jioni
Mama mwenye shughuli amekuja, khanga begani, ametokea Mwanjelwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Mwalimu. Haya, nisikie." Tumempigia wote. Kwenye kona ameinua uso, hakusema kitu. Tulipomaliza akauliza, "Hapa katikati ndipo mwanangu atakuwa amefika wapi?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Bibi harusi wa Mbeya haingii kwa saa ya ukutani. Wasimamizi wanatangulia, wanasimama, wanaanza upya. Kwa hiyo vile vipimo nane vya mwanzo tutavirudia kadiri itakavyohitajika, na kona hatutaipiga mpaka apite viti vya katikati. Kurudi nyumbani kutamkuta madhabahuni. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikamweleza pia kwamba wazo la kwanza limetoka kwenye kompyuta. Mteja hastahili kufichwa. Akafikiri kidogo. "Na huko kurudi?" Nikamwambia huko ni kwangu. "Basi andika hivyohivyo kwenye karatasi." Nimeandika: vipimo vya kwanza hadi cha kumi na mbili vimetoka NotaGen, vikahaririwa; vilivyobaki ni vyangu. Ningependa kila mtunzi anayetumia mashine hizi afanye hivyo. Chopin alifariki 1849, hakuna atakayetushitaki, lakini mpiga violini na waumini wana haki ya kujua wanapiga na kusikiliza nini.

Saa 3 usiku
Kabla ya kuondoka mama aliongeza ombi: melodi hiyohiyo ipigwe na tarumbeta nje, maharusi wakitoka. Nimempigia simu kiongozi wa bendi. "Mwalimu, shapu usituletee," ndilo neno lake la kwanza, na ana haki, tarumbeta zao ni za B flati, na ufunguo wa G ungewaletea shapu nyingi. Naishusha mpaka F. Kona inaangukia D flati, ambako trombone ya chini itakuwa na noti nene ya kushikilia. Ile G ndefu imekuwa F, na naigawa kwa tarumbeta mbili zipokezane pumzi. Nikimaliza sehemu ya besi nawatumia usiku huuhuu, kwa sababu mazoezi yao ni kesho saa 10.