Kuirudia Hadithi Niliyokwisha Kuimaliza

Wiki iliyopita nilifungua faili la hadithi fupi niliyoiandika miaka tisa iliyopita, nikiwa na nia ya kusahihisha makosa mawili matatu ya tahajia, na kabla sijatambua nilikuwa nimekwisha kufuta aya nzima ya mwanzo na kumbadilisha tabia mhusika mkuu. Nilisita hapo. Aliyeiandika hadithi ile alikuwa kijana mwenye hasira ambazo mimi sinazo tena, na kila sentensi niliyoilainisha ilikuwa, kwa namna fulani, inamnyamazisha.

Wapo waandishi wengine waliozirudia kazi zao. Mshairi Walt Whitman wa Marekani alichapisha diwani yake mwaka 1855 ikiwa na mashairi 12 tu, kisha akaendelea kuipanua na kuipangua hadi karibu na kifo chake mwaka 1892. Mary Shelley wa Uingereza naye alitoa riwaya yake, Frankenstein, mwaka 1818, akairekebisha kwa toleo la 1831, na hadi leo wasomaji hawakubaliani ni lipi lililo bora. (Mimi napendelea la kwanza, pamoja na mikwaruzo yake.)

Kusahihisha neno lililokosewa hakunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni kubadili msimamo wa kazi ili ufanane na nilivyo sasa, kwani huko ni kuandika kazi nyingine huku nikiazima jina la ile ya zamani. Kwa hiyo nimeirudisha aya niliyoifuta, na yale mawazo mapya nimeanza kuyatungia hadithi nyingine, ambayo kufikia jana usiku ilikuwa na kurasa nne.