Wiki sita za kuchapa kwa mkono wa kushoto

Boda boda iliteleza kwenye murram iliyolowa mvua, nje kidogo ya Busia, nami nikaangukia mkono wa kulia. Plasta wiki sita. Kazi yangu ni kuchapa barua na orodha za mizigo kwa wafanyabiashara wa mpakani, na wateja hawangoji mfupa uunge.

Kompyuta yangu inatumia Linux, kwa hiyo niliweka keyd, programu inayobadilisha kazi za vitufe. Nilitaka nusu ya kushoto ya kibodi itoe pia herufi za kulia, kama kwenye kioo: f itoe j, d itoe k, e itoe i, 1 itoe 0. Wazo si langu. Mtafiti Edgar Matias na wenzake walilieleza mwaka 1993, na wao walitumia spesi kama kitufe cha kushikilia. Nami nikaanza hivyo hivyo. Ikawa balaa. Kidole gumba kikichelewa kidogo tu kuachia spesi, herufi inayofuata inageuka na nafasi inamezwa. "Gari bovu" ikatoka "garinovu".

Ndipo nikageukia tabaka la mara moja; tabaka ni seti nyingine ya kazi za vitufe, na langu nililiita kioo. Unagusa kitufe, unakiachia, na tabaka linadumu kwa herufi moja inayofuata, kisha kibodi inarudi kama kawaida. Katika faili la /etc/keyd/default.conf, chini ya [main], niliandika:

capslock = oneshot(kioo)
shift = oneshot(shift)

Chini ya [kioo] nikapanga herufi moja moja. Kwa a, kioo halisi kingetoa nukta-mkato, lakini mimi naandika ng'ombe na ng'ambo kila siku, kwa hiyo nikaipa alama ya ritifaa. Capslock yenyewe, ndani ya kioo, nikaifanya backspace: ukiigusa mara mbili, unafuta.

Hiyo backspace ndiyo iliyoniponza. Siku ya kwanza niliandika toggle, inayoliacha tabaka limewaka mpaka ulizime, badala ya oneshot, ile ya mara moja. Nikaingia kwenye kioo na kutoka nikashindwa, maana kila nikigusa Capslock inafuta tu. Herufi za kushoto zote zimepotea, hata "sudo", amri ya kupata ruhusa ya kurekebisha faili hilo, siwezi kuandika. keyd ina njia ya kujinasua: bonyeza backspace, escape na enter kwa pamoja, inajizima. Sasa escape iko kushoto kabisa, hizo mbili ziko kulia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, nikamwita mpwa wangu.

"Mjomba, kwani na kompyuta nayo imevunjika?"

"Weka kidole hapa na hapa. Nikisema sasa, bonyeza."

Ikakubali mara ya pili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, ila si kwa usawa. "Barabara" yote iko kushoto, unaichapa bila kugusa Capslock hata mara moja. "Mimi" inaidai mara nne. Na orodha za mizigo zimejaa "kilo", ambayo nayo ni nne. Kumbe ukiishikilia Capslock badala ya kuigusa, tabaka linabaki mpaka uachie, basi "kilo" ikawa kidole kidogo kwenye Capslock na vingine d, e, s, w. Kugusa kukabaki kwa herufi moja moja, kama ile u ya "barua".

Jambo jingine: nilikuwa nagusa Capslock, mteja ananiuliza swali, nikirudi nimesahau, herufi ya kwanza inatoka nyingine. Chini ya [global] nikaongeza oneshot_timeout = 2000, yaani baada ya sekunde 2 tabaka linajifuta lenyewe.

Plasta ilipotolewa nilifuta kioo, lakini mstari wa shift niliuacha. Vidole vimeshazoea kuigusa na kuiachia kabla ya herufi. Juzi nilichapa barua kwenye kompyuta ya jirani, na kila mahali ikatoka "busia".