Siku Moja Maishani Mwangu: Alhamisi Tunayotoa Kurasa Mpya

Saa 12:40 asubuhi

Kabla sijafungua barua pepe, naichukua simu ya zamani ninayoitunza kwa kazi hii tu, nazima Wi-Fi na kuingia kwenye tovuti ya kampuni yetu kama mteja. Leo nimejipa kazi moja: kuripoti bidhaa iliyonifikia ikiwa imevunjika. Nahesabu miguso. Naiona fomu kwenye mguso wa sita, baada ya kukosea njia mara mbili, mimi ambaye nimeshinda na tovuti hii kwa miezi saba. Mteja aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, tena akiwa na hasira ya kitu kilichovunjika, hatafika huko.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi mpya wa tovuti hii. Tuko saba: msanifu, watengenezaji wawili, mwandishi wa maudhui, mpima ubora, mwenzetu kutoka huduma kwa wateja, na mimi. Tunafanya kazi kwa mtindo wa ajaili (agile), yaani kujenga kidogo kidogo na kujifunza njiani, katika vipindi vya wiki mbili mbili tunavyoviita sprinti, na kila sprinti inatakiwa iache kitu ambacho mteja anaweza kukitumia. Leo tunawafungulia wateja sehemu nzima mpya ya msaada.

Picha kubwa ya ukurasa wa mbele bado inachelewa. Kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, na kinataka hivyo kwa angalau robo tatu ya ziara. Ziara hizo ni za watu wenye simu za kila namna na mtandao wa kila namna, ndiyo maana sijaridhika na kompyuta ya ofisini. Naandika kadi ya kazi: ipunguzwe, ihifadhiwe kwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, tupime tena.

Saa 2:05 asubuhi

Sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote. Nafungua kumbukumbu za kisanduku cha kutafutia kilichoko kwenye tovuti, nasoma maneno ambayo watu wameyaandika jana wasipate jibu. "Imevunjika." "Nirudishiwe." "Nimesahau nywila." "Mzigo wangu uko wapi." Kuna aliyeandika "nisaidieni" peke yake, mara tatu.

Hakuna hata mmoja aliyeandika "Suluhisho", na hilo ndilo neno lililokaa katikati ya menyu yetu tangu tovuti ilipojengwa mara ya mwisho. Lilichaguliwa kikaoni, na watu wanaoijua kampuni kwa ndani. Nilipojiunga na mradi huu nilidhani shida yetu ni rangi na mpangilio uliopitwa na wakati. Orodha hizi za asubuhi ndizo zilizonionyesha kwamba shida kubwa zaidi ni maneno.

Saa 3:15 asubuhi

Kikao cha kusimama, dakika 15. Kila mmoja anasema amefika wapi na nini kimemkwamisha. Mwanzoni kila aliyezungumza alikuwa akinitazama mimi, kama anayetoa ripoti kwa msimamizi. Nikaanza kusimama nyuma yao. Macho yakahamia kwenye ubao wa kadi, kisha yakaanza kutazamana, na watu wakaanza kujibizana wenyewe bila kunisubiri.

Leo aliyekwama ni mwandishi. "Maelezo ya kurudisha bidhaa yako idara ya sheria. Hii ni siku ya nne."

"Kaka, tukimaliza hapa twende wote wawili," namwambia.

Tumekwenda. Mwanasheria alikuwa na swali moja juu ya sentensi moja, na alikuwa amelituma kwa barua pepe kwenye anwani ya kikundi ambayo hakuna anayeisoma. Tumekaa naye, mwandishi amesoma kwa sauti, yeye amebadilisha maneno mawili, tumeondoka baada ya dakika 20. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko la ajaili, na jambo la kwanza walilolithamini lilikuwa watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vifaa. Nimelikumbuka tamko hilo tukiwa tunashuka ngazi.

Niseme pia kwamba maandishi ndiyo yanayochelewesha miradi ya tovuti kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Msanifu anachora masanduku mazuri, anayajaza maandishi ya kuziba nafasi, kila mtu anayapitisha. Maandishi ya kweli yanapofika ni marefu mara tatu, na kila kitu kinavunjika. Ndiyo sababu mwandishi wetu yuko ndani ya timu tangu siku ya kwanza, na hatuchori ukurasa kabla hajaandika angalau rasimu.

Saa 4:10 asubuhi

Jedwali la anwani za kurasa. Watu wachache wanaoitazama tovuti mpya watajua kwamba kazi hii ilifanyika, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kila ukurasa wa zamani lazima utolewe uamuzi: ubaki, uunganishwe na mwingine, uhamie anwani mpya, au uondolewe. Unaohama unawekewa uelekezaji wa 301, yaani seva inakiambia kivinjari kwamba ukurasa umehama kabisa, na inampeleka mgeni ulipo. Ulioondolewa bila mbadala unajibiwa 410, kwamba haupo tena na hautarudi. Mimi na mtengenezaji tunapita mstari kwa mstari. Hatuna njia ya mkato, kwa sababu hakuna programu inayojua kwamba ukurasa wa "Taarifa ya Huduma Na. 7" ndio uliochapishwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya kila kifurushi.

Nina sababu ya kung'ang'ania. Mahali nilipofanya kazi zamani tulijenga tovuti nzima kwa siri kwa karibu mwaka, tukaizindua usiku mmoja. Ilikuwa nzuri kutazama. Anwani zote za zamani tulikuwa tumezielekeza kwenye ukurasa wa mbele, tukiamini tumewasaidia watu. Aliyebonyeza kiungo cha maelekezo ya kutengeneza kifaa chake alijikuta mlangoni, akiwa hajui pa kuanzia. Google nayo huuchukulia uelekezaji wa aina hiyo kama ukurasa ambao haupo. Kurasa zilizokuwa zimesomwa na kutegemewa kwa miaka zilitoweka kwenye matokeo ya utafutaji, na simu za wateja zikamwelemea dada mmoja aliyekuwa zamu asubuhi ile. Sauti yake nikiikumbuka, navumilia mistari yote hii.

Tim Berners-Lee, aliyevumbua wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Zetu tunalazimika kubadilisha baadhi, lakini kila tunayoibadilisha itabaki na uelekezaji wake kwa zaidi ya mwaka mmoja ambao Google wenyewe wanaushauri.

Saa 5:45 asubuhi

Majaribio na watumiaji. Tunaalika watu watano kila sprinti, idadi ambayo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliitetea mwaka 2000 kwa hoja kwamba watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi, na ni afadhali kurudia majaribio madogo mara nyingi kuliko kufanya moja kubwa. Wanne wa kwanza walikuja jana. Leo ni mama wa makamo, mteja wetu wa muda mrefu.

Nampa simu yenye kurasa mpya. "Mama, tuseme mzigo umekufikia ukiwa umevunjika. Ungefanya nini hapa?"

Anatazama. Kidole kinapita juu ya "Suluhisho", ambalo bado lipo kwenye menyu ya juu, bila hata kusita. Kinashuka, kinapanda. "Mwanangu, nimekosea?"

"Hapana, mama. Ukiona hapaeleweki, kosa ni letu. Endelea kunieleza unachotafuta."

"Natafuta palipoandikwa kwamba kuna shida."

Mtengenezaji alikuwa kando yangu akitazama, na amelishika neno lile lile nililolishika mimi. Wanne wa jana nao walilipita "Suluhisho". Sasa ni watano kwa watano.

Saa 8:00 mchana

Mapitio ya sprinti. Wakuu wa idara wamekuja, nasi tunaonyesha kurasa zinazofanya kazi kwenye simu mikononi mwao, hakuna slaidi.

Mkuu wa idara moja anaomba jina la idara yake liwe kwenye menyu ya juu, na mabango yanayopishana yenyewe kwenye ukurasa wa mbele. Silibezi ombi lake hata kidogo. Ana watu wake, anataka kazi yao ionekane. Ila mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, aliandika kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na namna watu wake wanavyowasiliana, na tovuti yetu ya sasa ni ushahidi: menyu yake ni orodha ya idara zetu. Mteja hajui idara zetu.

"Mkuu, naomba tutazame dakika moja ya rekodi ya jaribio la asubuhi," nasema. Tunatazama kidole cha yule mama kikipita. Chumba kimya. Kuhusu mabango, msanifu anaeleza kwamba WCAG, mwongozo wa kuhakikisha tovuti inatumika hata na watu wenye ulemavu, unataka kitu chochote kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maudhui mengine kiwe na njia ya kukisimamisha, kwa sababu kuna wasomaji wanaoshindwa kabisa kusoma pembeni yake. Mkuu anauliza, "Basi watu wangu wataonekana wapi?" Swali zuri. Tunakubaliana kwamba kazi ya idara yake itaonekana ndani ya kurasa ambazo wateja wanazitafuta kweli, na mtu wake mmoja atakaa na mwandishi wiki ijayo.

"Suluhisho" linaondoka. Mahali pake: "Nina shida na mzigo wangu."

Saa 9:20 alasiri

Tunatoa kurasa mpya. Kwanza kwa asilimia 10 ya wageni. Mpima ubora ameshahakiki mara ya mwisho: maandishi yana utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, vitufe havipungui pikseli 24 kwa 24, kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona kwa sauti, kinataja kila sehemu ya fomu kwa jina lake.

Dakika kumi na mbili baadaye tunaona watu wanaanza fomu na hawaimalizi. Mwenzetu wa huduma kwa wateja anajaribu kwenye simu yake: ukiandika kwenye kisanduku cha mwisho, kibodi inafunika kitufe cha kutuma. Kwenye simu zetu za majaribio haikutokea. Tunarudisha kurasa za zamani mara moja. Hakuna anayeuliza ni kosa la nani. Watengenezaji wawili wanakaa kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika msimbo, mwingine anasoma. Saa 10:50 tunatoa tena kwa asilimia 10, tunasubiri, tunapanda hadi nusu, kisha wote.

Saa 11:40 jioni

Wengi wameshaondoka. Naichukua tena simu ya zamani, nazima Wi-Fi, naripoti bidhaa iliyovunjika. Miguso miwili. Picha ya ukurasa wa mbele bado inachelewa, kadi yake ni ya kesho.

Mwenzetu wa huduma kwa wateja anageuza skrini yake nione. Ripoti ya kwanza imeingia kupitia fomu mpya: namba ya mzigo ipo, picha ipo, maelezo yapo, na hajalazimika kumpigia mteja kuuliza lolote. Tayari ameshamjibu.