Kosmosi zangu za Nkuhungu, msimu wa kwanza

14 Desemba. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, nikafukua tuta la mita tatu chini ya dirisha. Udongo wa kwangu ni ule mchanga mwekundu, ukikauka jembe linadunda. Nikauonea huruma, nikauchanganyia ndoo nne za samadi ya mbuzi, kisha nikamwaga mbegu za maua ya kosmosi na kuzifunika kwa udongo kidogo tu. Siku hiyo nilijiona bwana shamba kweli.

16 Desemba. Mvua kubwa usiku. Maji yamekatiza tutani yakazoa baadhi ya mbegu hadi kwenye kokoto za getini. Hizo nimeshazisahau.

22 Desemba. Miche imetoka tutani, siku ya nane.

10 Januari. Nimeing'olea, nikaacha sentimita 30 kati ya mche na mche. Mama amekuja kutoka Kongwa, akasimama pale akiyatazama yale majani membamba kama nyuzi. "Mwanangu, shamari yote hii ya nini?" Nikamwambia ni maua. Akaguna.

2 Februari. Tutani miche imenifika kifuani, mashina kama kidole gumba, kijani cha kupendeza, lakini hakuna tumba hata moja. Nilidhani ni suala la urefu wa mchana, maana kosmosi hupenda siku fupi. Lakini hapa Dodoma mchana wa Desemba hauuzidi wa Machi hata kwa nusu saa, kwa hiyo jua halina kesi. Halafu nikaenda kufungua geti. Kwenye kokoto, bila samadi, bila hata tone la maji yangu, kuna miche sita iliyoishia magotini, na kila mmoja una matumba.

9 Februari. Ua la kwanza, getini. La waridi, petali nane zenye ncha zilizokatika kama meno, katikati kichwa cha njano. Nimeligusa, kidole kikabaki na unga. Nyuki alikuwa ameshanitangulia.

Kumbe ni samadi. Mmea huu asili yake ni Meksiko na umezoea ardhi duni. Ukiulisha naitrojeni nyingi, kile chakula cha mimea kilichomo kwenye samadi, unanenepa majani na kuchelewesha maua. Nilikuwa nimempikia pilau mtu anayetaka uji.

23 Februari. Upepo wa jioni umelaza nusu ya tuta. Minene yote chali! Nimeisimamisha kwa fito na kamba ya katani, nimekata na ncha zake ili itoe matawi. Ncha zilitakiwa kukatwa miche ikiwa na sentimita 30 hivi, si sasa.

15 Machi. Tutani maua yameanza, machache, tena juu kabisa nisikoweza kuyaona nikiwa dirishani. Getini nakata yaliyonyauka kila baada ya siku mbili, na bado yanachanua.

20 Aprili. Mvua inaaga. Nimeacha vichwa vikauke kwenye miche ya getini peke yake. Mbegu ni nyeusi, nyembamba, zimepinda kidogo kama sindano iliyokanyagwa. Chiriku wamezigundua kabla yangu, nimeambulia kama kiganja kimoja, ziko ndani ya karatasi ya gazeti kabatini. Samadi iliyobaki nimeihamishia kwenye chainizi.