Pengo la Kushoto

Kwa zaidi ya miaka 10 nilitafuna upande mmoja, na hapa mpakani Malaba hakuna aliyejua. Pengo langu halikuwa la kuonekana. Nikicheka, meno ya mbele yote yapo, yamejipanga kama malori yanayongoja muhuri wa forodha. Uwanja mtupu ulikuwa nyuma, chini kushoto: magego mawili na jino dogo lililo mbele yao. Matatu mfululizo.

Yalivyoondoka hakuna hadithi kubwa. La kwanza lilikuwa mwaka 2012. Liliuma siku nne, nikalitia karafuu, nikalitia hata pamba yenye waragi (mimi Mwislamu, lakini ilikuwa dawa na sikumeza), siku ya tano nikaenda kung'oa. Foleni ilikuwa ndefu na niliulizwa neno moja tu: "Lipi?" Nikaonyesha kwa kidole. La pili 2015, la tatu mwaka uliofuata, mtindo uleule. Hakuna aliyeniambia kwamba jino linaweza kuzibwa, na mimi sikuuliza. Nimekulia kambini Jinja, baba yangu alikuwa askari; Kiswahili nilikipata hukohuko, pamoja na imani kwamba adui hafanyiwi mazungumzo, anafukuzwa.

Aliyejua ni mke wangu, Mama Zaituni. Hakusema kitu. Alianza kunikatia nyama vipande vidogo kuliko vya watoto, gonja, ndizi ile ya kuchoma, akaiacha iive hadi ilegee, na mahindi ya kuchoma akaacha kabisa kuniletea. Mimi nikidhani nimeficha siri.

Niliwahi kuvaa meno ya bandia, yale ya plastiki yenye vikulabu vya waya na waya mwingine unaopita chini ya ulimi kwenda upande wa pili. Nilidumu nayo miezi saba. Nikisema "sisaini" yalipiga mluzi. Siku moja nilikuwa nakula pilau katika hoteli moja hapa Malaba, nikayavua kimyakimya, nikayafunga kwenye tishu, nikayaweka kando ya sahani. Simu ikalia: lori limekwama kwenye mzani. Nikatoka mbio. Niliporudi meza ilikuwa imepanguswa, inang'aa. Basi tukasimama nyuma ya jiko mimi na dada wa hoteli, tunapekua ndoo ya mabaki, mifupa ya mbuzi na maganda ya matooke, naye ananiuliza kwa upole kabisa: "Mzee, yanafananaje?"

Yanafananaje! Ni meno, dada yangu.

Hatukuyapata. Na sitadanganya, nilirudi ofisini nikiwa mwepesi kidogo.

Kilichonisukuma kwa daktari hatimaye hakikuwa pengo. Lilikuwa gego la juu yake. Jino lisilokutana na mwenzake halitulii. Huteremka polepole, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayechungulia kisimani. Langu lilikuwa limeshuka hadi nikifunga mdomo vibaya linang'ata ufizi mtupu wa chini. Nikawa naamka na kidonda.

Mahali pa kwanza nilipokwenda Kampala waliniambia watanipandikiza meno, yale ya skrubu inayoingia ndani ya mfupa wa taya, siku hiyohiyo. Picha yao ilikuwa moja, ndogo kama stempu, na aliyeitazama aliitazama huku anaongea na simu. "Leo leo tunamaliza, ssebo." Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani. Miaka 24 nimejifunza kwamba mtu anayekuahidi mzigo utatoka leo kabla hajafungua makaratasi, huyo muage kwa heshima na ushike mkoba wako. Nikasema naenda kutoa pesa benki.

Daktari niliyebaki naye ni mwanamke mdogo, wa umri wa Zaituni wangu, na aliniita mzee tangu salamu ya kwanza. Hakunigusa siku hiyo. Alinituma nikapigwe skani ile ya kuzunguka kichwa, kisha akanikalisha mbele ya kompyuta na kunionyesha taya langu likiwa limekatwa vipande vyembamba kama mkate. Akanionyesha bomba jeusi linalopita ndani ya mfupa: humo umo mshipa wa fahamu unaokwenda hadi mdomo wa chini na kidevu. Ukiuchoma, mdomo unaweza kufa ganzi na usirudi. Nyuma kabisa, kutoka juu ya mfupa hadi kwenye bomba, palikuwa na milimita 11. Akasema ataweka skrubu ya milimita 8, kwa sababu lazima abakize angalau milimita mbili za usalama na hapendi kubaki na mbili kamili. Nikampenda hapohapo kama karani mwenzangu.

Pale katikati, alipokaa gego la kwanza kung'olewa, mfupa ulikuwa umekonda hadi ukawa kama ukingo wa jembe. Wao kila jino hulipatia namba, na hilo ni namba 36. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi, alisema. Jino likiondoka, mfupa uliolishika unaanza kuliwa, na sehemu kubwa huondoka katika mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeupa miaka 12. Namba 36 ni katika magego ya kudumu yanayotangulia kuota, mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na kwa watu wengi ndilo hutangulia kutoboka. Wazazi hulidhani la utotoni, wakangoja lidondoke lenyewe. Halidondoki.

Nikamuuliza kwa nini asinifanyie daraja la kawaida, lile la kuchonga meno ya jirani na kuyavisha.

"Daraja linataka nguzo mbili, mzee. Nyuma ya pengo lako hakuna jino."

Na mimi asubuhi ileile nilikuwa nimevuka daraja la Nile pale Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, nikalisifu kwa dereva wa taksi kama nililijenga mimi. Sikuwa na la kujibu. Mpango wake ukawa huu: skrubu mbili, moja mbele na moja nyuma, na juu yake meno matatu yaliyoungana, la katikati likining'inia bila mzizi. Hakuna haja ya kuhangaika na mfupa mwembamba, na unalipia skrubu mbili badala ya tatu.

Bei? Najua ndiyo mnayongoja. Kwangu ilifika karibu na bei ya bodaboda mbili mpya, skani na vikao vyote ndani yake. Nililipa kwa awamu tatu, na kiwanja changu cha Tororo kikabaki na msingi bila kuta hadi leo. Basi, tuendelee.

Sharti lake lilikuwa sigara. Navuta, au nilikuwa navuta, moja mbili nikingoja lori. Alisema moshi unabana mishipa midogo ya damu kwenye ufizi, kidonda kinachelewa kupona, na skrubu za wavutaji hukataa kushika mara nyingi kuliko za wengine. Akaniagiza pia nipime sukari, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa kina tabia hiyohiyo. Sukari ilikuwa salama. Sigara ilinichukua wiki tano na pakiti nyingi za karanga, ambazo nazo nilizitafuna kulia.

Siku yenyewe, Februari 2024, kilichouma ni sindano za ganzi tu. Baada ya hapo nusu ya mdomo ikawa ya mtu mwingine. Akapasua ufizi, akaufunua, halafu ikaja keekee. Haizunguki kwa mlio wa mbu kama ile ya kuziba meno. Inakwenda polepole, na maji ya chumvi yanamwagwa juu yake wakati wote, kwa sababu mfupa ukipata moto unakufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Alianza na nyembamba, akabadilisha, nene kidogo, nene tena, kama seremala asiyetaka mbao ipasuke. Maumivu hayakuwepo. Kulikuwa na sauti, na haikupitia masikioni. Ilipanda kutoka kwenye taya hadi kwenye mboni za macho. Umewahi kukaa chumbani jirani akitoboa ukuta? Ndivyo, ila mimi ndiye ukuta.

Nilikuwa nimeshika ncha ya kanzu yangu kwa mikono miwili. Msaidizi aliiona, akaja akaweka mkono wake begani kwangu na kuuacha hapo, bila kusema neno, hadi skrubu ya pili ilipoingia. Ningependa kumshukuru lakini sikuwahi kujua jina lake, na mdomo siku hiyo haukuwa wangu.

Nikashonwa, nikapewa barafu, nikala uji na matooke yaliyopondwa kwa siku kumi. Shavu lilivimba siku ya pili na ya tatu, kisha likashuka.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, kungoja. Miezi minne. Usiku wa mwanzo, usingizi ukigoma, nilisoma jambo hili lilivyoanza. Miaka ya 1950 Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza jinsi damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura. Alipachika kifaa cha metali iitwayo titani kwenye mfupa wa mguu, na alipotaka kukitoa kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 akaweka skrubu za titani kwenye taya la mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na huyo bwana alikaa nazo hadi alipofariki mwaka 2006. Nikamsomea Mama Zaituni kwa sauti.

"Na sungura?" akauliza.

"Sungura hawajaandika."

"Wangeandika," akasema, akageukia ukutani.

Kila nilipokwenda kukaguliwa, taksi ilisimama Namawojjolo. Anayepita barabara ya Jinja anapajua: gari halijatulia, mikono imeshajaa dirishani, kuku kwenye vijiti, maini, gonja, vijana wa magwanda wanasukumana kama wanagombea kura. Abiria wote wananunua. Gari zima linanukia moshi, na mimi nimekumbatia chupa ya maji kama mgonjwa wa tumbo. Kondakta mmoja alinihurumia, akadhani sina hela, akanikatia bawa lake. Nililishika mkononi hadi Mukono.

Juni daktari alifungua ufizi kidogo, akafunga vifuniko vidogo ili ufizi ujikunje vizuri kuvizunguka, na wiki chache baadaye akachukua vipimo. Gego la juu lililoteremka alilipunguza kwa kulisaga, alisema tulilikamata kabla halijahitaji makubwa. Siku ya kufunga meno alitoa spana ndogo yenye kipimo, inayoruka ikifika nguvu iliyopangwa. Nikacheka na mdomo wazi. Ni spana ileile ya nati za magurudumu ya lori, imezaliwa njiti. Ikaruka mara moja, ikaruka mara ya pili. Akaziba matundu ya skrubu kwa rangi ya jino, akaniambia ning'ate karatasi ya bluu, akapunguza hapa na pale, akasema nenda.

Nielezee hisia yake kama ninavyoweza. Jino la asili limekaa kwenye mfupa kwa nyuzi laini, linabonyea kidogo, linakuambia kama umeuma mchele au changarawe. Hili limeshikana na mfupa wenyewe. Ni gumu, halina habari nyingi. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu anayetembea na buti kwenye zulia. Na halitoboki, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka unaweza kuugua ukiliacha chafu, na likilegea kwa ugonjwa huo hasara ni yako. Kwa hiyo kila usiku napitisha kimswaki kembamba chini ya lile la katikati lisilo na mzizi. Mjukuu wangu hukaa kwenye ndoo akitazama, anadhani nina mlango mdomoni.

Nikirudi siku ile, Namawojjolo nilinunua vijiti viwili vya kuku. Nilivikalia tayari. Nikang'ata, nikatafuna, nikameza, nikang'ata tena, hadi tulipoingia msitu wa Mabira ndipo nilipogundua kwamba kuku mzima ameliwa upande wa kulia. Miaka 12 ulimi umezoea kusukuma tonge huko, na haukupewa taarifa.

Bado unafanya hivyo. Nikijisahau, meno yangu ya bei ya bodaboda mbili yanakaa kushoto yanapunga hewa. Jana usiku tulikuwa na nyama ya mbuzi, vipande vikubwa, vya kiume, vile ambavyo Mama Zaituni hajaniwekea tangu Zaituni akiwa shuleni. Nikatafuna huku natazama taarifa ya habari. Akanitazama shavu kwa muda, halafu akagonga meza kwa kijiko kama utingo anavyogonga bodi ya lori linalorudi nyuma.

"Kata kushoto, Baba Zaituni. Kushoto. Kushoto. Njoo hivyohivyo."