Nilivyoweza kudaka mpira usiozunguka

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja tu: nunua glovu kubwa, mambo yataisha. Hayakuisha. Mimi ni mdakaji wa akiba, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, katika timu ya besiboli ya ridhaa hapa Minnesota, Marekani, na zamu zangu ni siku anazorusha mtu wetu wa nakoboli, ule mpira unaoshikwa kwa ncha za vidole ili utoke mkononi bila kuzunguka.

Nilitoa dola mia mbili na kitu kwa glovu kubwa ya softiboli, mchezo wa mpira mkubwa kuliko wetu. Ngozi yake ilikuwa kama ubao. Mpira ulitua katikati kabisa, ukagonga, ukaruka nje kabla sijafumba vidole. Jioni nzima ilikuwa hivyo: kifuani, begani, kwenye chuma cha kofia, halafu mbio hadi uzioni kuufuata. Kulainisha kulichukua wiki tatu: mafuta ya ngozi kidogo sana (yakizidi glovu inakuwa nzito), nyundo ya mbao kwenye mkunjo, na kila usiku mpira ndani, glovu imefungwa kwa kamba.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mkono wangu. Niliunyoosha kuufuata mpira. Usipozunguka, mshono wake ndio unaoamua hewa iupinde upande gani, na unaweza kugeuka hata karibu kabisa na kibao cha chini anaposimama mpigaji. Ukinyoosha mkono unaukuta kabla haujaamua. Sasa kiwiko nimekikunja mbele ya goti, kifundo cha mkono kimelegea, glovu inatazama chini, naungoja uje karibu na mwili. Kilomita 110 kwa saa ni mwendo mdogo. Muda huo ni wa kungoja. Mkono mtupu uwe nyuma ya mguu, ngumi imefunika dole gumba.

Anayedhani hii ni kazi ndogo akumbuke timu ya Boston Red Sox mwaka 2006. Doug Mirabelli, mdakaji wa akiba aliyezoea kumdakia Tim Wakefield, mrushaji wao wa nakoboli, alikuwa ameuzwa timu ya San Diego. Josh Bard akachukua nafasi, mipira 10 ikampita katika mechi 7. Tarehe 1 Mei wakamrudisha Mirabelli kwa ndege. Polisi walimsindikiza kutoka uwanja wa ndege, akavaa jezi garini, akadaka usiku huohuo dhidi ya wapinzani wao, New York Yankees. Ufundi mmoja unaweza kumweka mdakaji wa akiba ligi kuu miaka mingi.

Wakimbiaji wakiwa kwenye besi, goti la kulia chini, kidevu kifuani, glovu izibe katikati ya miguu. Wataiba besi ya pili, yaani kuikimbilia mpira ukiwa bado njiani kwa mpigaji, maana mpira unachelewa kufika. Usiharakishe kurusha ukauacha upite. Na ukiuona unazunguka zaidi ya mara moja njiani, mwendee mrushaji papo hapo arekebishe jinsi kucha zake zinavyoushika mpira. Mpira unaozunguka hivyo unakuja umenyooka, na mpigaji atautoa nje ya uzio.